Yesu na Horus: Mwulize mwanao, 'Imeandikwa wapi?'

TUSEME ni Jumapili adhuhuri. Umetoka kanisani, chakula kiko mezani na jamaa yote imeketi. Kijana wako aliyerejea likizo kutoka chuo kikuu anakataa kufumba macho wakati wa sala. Unapomwuliza kulikoni, anatoa simu yake na kukusomea orodha ndefu.

"Mama, huyu Yesu wenu si mpya," asema. "Kulikuwa na Horus huko Misri maelfu ya miaka kabla yake. Alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba. Alibatizwa, akawa na wanafunzi 12, akasulubiwa na kufufuka siku ya tatu. Wazungu waliiiba hadithi ya Waafrika, wakaipaka rangi nyeupe, kisha wakaturudishia."

Wewe mzazi utamjibu nini?

Wako wazazi ambao humkemea mtoto papo hapo na kumwita aliyepotoka. Wengine hunyamaza, wakala chakula chao, lakini usiku hawapati usingizi. Majibu yote mawili hayamfai kijana. Akikemewa, huamini kwamba kuna jambo linalofichwa. Akinyamaziwa, huamini kwamba ameshinda.

Lipo jibu la tatu, nalo ni swali la maneno mawili tu: Imeandikwa wapi?

Tufuatane basi, msomaji, tulipeleke swali hilo mpaka Misri yenyewe. Nakuonya mapema kwamba safari hii haitampendeza kila mtu. Katika mambo mengi kijana amepotoshwa. Lakini katika machache ana haki ya kusikilizwa, na ni heri uyajue kabla hajakuambia yeye.

HADITHI YENYEWE

Kwanza yafaa tuijue hadithi ya Wamisri kama walivyoisadiki wao wenyewe.

Osiris alikuwa mfalme mwema. Ndugu yake, Seth, alimwonea kijicho akamwua. Isis, ambaye alikuwa mke wa Osiris na pia dada yake, alizunguka akiutafuta mwili wa mumewe. Habari za miungu hawa zimo katika maandishi yaliyochongwa kwenye kuta za ndani za piramidi huko Saqqara, ya zamani zaidi yakiwa katika piramidi ya mfalme Unas, yapata mwaka 2350 K.K.

Aliyeisimulia hadithi hiyo kwa urefu kuliko wote, hata hivyo, si Mmisri. Ni Mgiriki aitwaye Plutarch, aliyeandika mapema katika karne ya pili baada ya Kristo. Yeye aeleza jinsi Seth alivyotengeneza sanduku zuri kwa kipimo cha mwili wa nduguye, akamhadaa alale ndani, kisha likapigiliwa misumari na kutupwa katika mto Nile. Baadaye Seth aliukata mwili huo vipande 14 akavitawanya kote nchini. Isis alivikusanya vyote isipokuwa kimoja, kiungo cha uzazi, ambacho kilikuwa kimekwisha kuliwa na samaki.

Kwa nguvu za uganga wake, Isis alijigeuza ndege mfano wa mwewe na kumhuisha mumewe kwa muda wa kumwezesha kupata mimba. Tendo hilo limechongwa ukutani katika hekalu la mfalme Seti wa Kwanza huko Abydos, na watalii huliona hadi leo.

Mtoto aliyezaliwa ndiye Horus, ambaye Wamisri walimchora akiwa na kichwa cha kipanga. Mama yake alimficha katika vinamasi vya Delta ya Nile ili Seth asimwue. Alipokua, alipigania kiti cha enzi cha baba yake mpaka akakipata. Osiris naye hakurudi kuishi duniani. Alibaki huko kuzimu akiwa mfalme wa wafu.

Hiyo ndiyo hadithi. Sasa mwambie kijana aitoe tena ile orodha yake.

ORODHA YAPIMWA

Je, Horus alizaliwa na bikira? La. Isis alikuwa mke wa mtu, na mimba aliipata kwa mumewe. Ni muujiza kwa jinsi ulivyosimuliwa, lakini si habari za ubikira.

Wanaoitetea orodha hiyo hutaja pia chumba kimoja katika hekalu la Luxor, kilichopambwa na mfalme Amenhotep wa Tatu katika karne ya 14 K.K. Ukutani yumo malkia Mutemwia, mama wa mfalme huyo. Mungu Khnum amfinyanga mtoto kwenye gurudumu la mfinyanzi, malkia apewa habari ya mimba, kisha mtoto azaliwa na kutukuzwa. Ukiitazama michoro hiyo mbio mbio, waweza kudhani unasoma mwanzo wa Injili ya Luka.

Lakini michoro hiyo ina maandishi yake. Maandishi yasema kwamba mungu Amun alichukua umbo la mume wa malkia na kulala naye. Kusudi lake lilikuwa la kisiasa: mfalme alitaka raia wasadiki kwamba yeye ni mwana wa mungu na kiti ni haki yake. Malkia Hatshepsut alikuwa ametumia mbinu iyo hiyo kabla yake, katika hekalu lake la Deir el-Bahari.

Na tarehe 25 Desemba je? Hapa kijana amejikwaa mara mbili. Wamisri walikuwa na siku tano za ziada mwishoni mwa mwaka wao wa siku 365, nazo walizifanya siku za kuzaliwa kwa miungu watano. Ya kwanza ilikuwa ya Osiris na ya pili ikawa ya Horus Mkubwa. Kweli Plutarch asema kwamba Horus mtoto, ambaye Wagiriki walimwita Harpocrates, alizaliwa karibu na wakati wa siku fupi kuliko zote, yaani mwezi wa Desemba. Lakini hakutaja tarehe 25, na aliandika miaka mingi baada ya Yesu kuzaliwa.

Isitoshe, hebu fungua Biblia yako uitafute hiyo Desemba. Hutaiona. Si Mathayo wala Luka aliyeandika siku wala mwezi. Kanisa la Roma linaonekana kuiadhimisha tarehe hiyo katika kalenda ya mwaka 354, zaidi ya karne tatu baadaye. Jambo ambalo waandishi wa Injili hawakuliandika haliwezi kuwa ushahidi kwamba waliliiga.

Wanafunzi 12 pia hawapo. Wanaotajwa sana ni wana wanne wa Horus, ambao vichwa vyao viliwekwa kuwa vifuniko vya mitungi ya kuhifadhia matumbo ya maiti. Namba 12 ipo Misri, naam, lakini katika vitabu vya makaburini ni ya saa 12 za usiku ambazo jua hupita chini ya ardhi kabla halijachomoza upya.

Huyo anayeitwa "Anup Mbatizaji" ni mungu Anubis, mwenye kichwa cha mbweha. Kazi yake ilikuwa kuzitengeneza maiti zisioze. Hakumbatiza Horus mtoni.

Na msalaba je? Horus hakusulubiwa. Yaliyompata utotoni ni kuumwa na nge, kama inavyosimuliwa katika jiwe maarufu la Metternich, lililochongwa katika karne ya nne K.K. na ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Mama yake alilia mpaka mungu Thoth akashuka na kuiondoa sumu kwa maneno ya uganga. Wamisri walikuwa wakimwaga maji juu ya mawe ya namna hiyo, kisha wakampa aliyeumwa na nge au nyoka ayanywe kama dawa. Ni kisa cha kusisimua, lakini hakina msalaba wala siku tatu.

Kuna na hoja ya jina. Vijana huambiwa kwamba neno "Kristo" lilitoka katika neno la Kimisri lenye herufi K-R-S-T, ati maana yake maiti iliyokaushwa. Hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatosha kutupa jibu. Sisi husema Kristo, na pia husema Masihi. Masihi tumeipata kwa Waarabu, na Waislamu humwita Isa kwa jina hilo hilo. Neno hilo lina shina moja na lile la Kiebrania lenye maana ya aliyepakwa mafuta, kama walivyopakwa wafalme wa Israeli. Wayahudi walioandika kwa Kigiriki walilitafsiri "Khristos", na maana ikawa ile ile. Neno la Kimisri linalotajwa lilihusu maziko, si kupakwa mafuta.

ALIYEIANZISHA

Kama Wamisri hawakuiandika orodha hii, basi ni nani aliyeiandika?

Nyayo nyingi zinatupeleka Uingereza, kwa mshairi aitwaye Gerald Massey. Alizaliwa mwaka 1828 katika umaskini mkubwa, na akiwa bado mtoto mdogo alifanya kazi katika kiwanda cha hariri. Alijisomesha mwenyewe, akawa mwandishi, akawatetea wafanyakazi. Hayo ni ya kumsifu. Maandishi ya Wamisri yalikuwa yameanza kusomeka upya mwaka 1822 kwa juhudi za Mfaransa Champollion, na Massey aliyapenda kupita kiasi. Kitabu chake kikubwa juu ya Misri kilitoka mwaka 1907, mwaka ambao alifariki dunia.

Kosa la Massey lilikuwa kuunganisha. Alichukua mstari huku, picha kule, jina linalofanana mahali pengine, akavishona pamoja na kuvisoma kwa miwani ya Injili. Baada yake alikuja Alvin Boyd Kuhn wa Marekani. Mwaka 2004 Tom Harpur wa Kanada, aliyewahi kuwa kasisi wa Kianglikana, aliyarejesha madai hayo katika kitabu. Mwaka 2007 ikatoka filamu iitwayo Zeitgeist, ambayo ilienea kwa intaneti ulimwenguni kote. Hivyo ndivyo orodha ilivyofika mezani pako. Kila mmoja alichota kwa mwenzake, na wachache sana walioshuka mpaka kisimani.

Usidhani kwamba wanaoikataa ni mapadre na wachungaji tu. Bart Ehrman, profesa wa Marekani ambaye aliacha Ukristo na hujitangaza kuwa si mwumini, aliandika kitabu kizima mwaka 2012 akiyapinga madai ya kwamba Yesu ni mtu wa kubuniwa tu. Huyo hana kanisa la kulitetea.

KWA NINI INAPENDWA?

Hata hivyo, mzazi mwenye busara hataishia hapo. Atajiuliza ni kwa nini mwanawe aliipokea orodha hiyo kwa mikono miwili.

Walioieneza zaidi miongoni mwa watu weusi walikuwa wasomi kama Yosef ben-Jochannan, katika kitabu chake cha mwaka 1970, na John G. Jackson, katika kitabu cha mwaka 1985. Hawa walikuwa wakiishi Marekani, katika nchi ambayo mtu mweusi alifundishwa kuwa Afrika haikuwa na historia wala fikira. Walipoigeukia Misri walikuwa wakitafuta heshima ya watu wao.

Kijana wako naye ana kidonda hicho. Huenda amekua akiitazama picha ya Yesu mwenye macho ya samawati na nywele za dhahabu, iliyotundikwa sebuleni mwako. Amesoma jinsi Biblia na bunduki zilivyokuja na mzungu kwa wakati mmoja. Akisikia kwamba Afrika ndiyo mama wa dini, moyo wake hufurahi. Furaha hiyo si dhambi.

Lakini heshima ya Afrika haihitaji kuegemea uwongo. Alexandria ilikuwa ngome ya elimu ya Kikristo wakati ambapo London haikuwa na kanisa lenye sifa. Antoni, aliyekwenda kuishi jangwani na kuwa baba wa watawa, alikuwa Mmisri. Athanasio, ambaye mafundisho yake juu ya Kristo yanasadikiwa na makanisa mengi hata leo, alikuwa askofu wa Alexandria. Hayo yameandikwa, na mahali yalipoandikwa panajulikana.

PANAPOFANANA KWELI

Sasa tufike kwenye yale ambayo kijana ana haki nayo. Mzazi anayedai kwamba Biblia na Misri havikuwahi hata kusalimiana atakuwa naye amepotoka.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika kitabu cha Mithali, kuanzia mlango wa 22 mstari wa 17. Mwaka 1923 yalichapishwa mafundisho ya Mmisri mmoja aitwaye Amenemope, yaliyoandikwa kwenye mafunjo ambayo yamo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa Kijerumani, Adolf Erman, alionyesha jinsi yanavyofanana na Mithali. Pande zote mbili zaonya juu ya kumnyang'anya maskini, kufuatana na mtu wa hasira na kuondoa mpaka wa shamba. Amenemope ana sura 30, na tafsiri kadhaa za kisasa za Mithali hutaja maneno 30 mahali hapo. Wataalamu wengi, wakiwemo Wakristo, wanakubali kwamba mwandishi wa Mithali aliijua hekima hiyo ya Misri.

Je, imani imeanguka kwa sababu hiyo? Biblia yenyewe haikuona haya. Matendo ya Mitume, mlango wa saba, chasema wazi kwamba Musa alielimishwa katika hekima ya Wamisri. Naye Mathayo aeleza jinsi Yusufu alivyomchukua mtoto na mama yake usiku wakakimbilia Misri.

Mfano wa pili ni wa picha. Kwa karne nyingi Wamisri walichonga sanamu za Isis ameketi, amempakata Horus na kumnyonyesha. Baadaye Wakristo wa Misri, yaani Wakopti, walimchora Mariamu akimnyonyesha Yesu kwenye kuta za makao ya watawa. Baadhi ya wasomi husema wachoraji walirithi mtindo huo. Wengine hujibu kwamba mama anayenyonyesha hahitaji kuigwa kutoka popote, kwani yuko katika kila boma. Mjadala huo haujaisha, nawe una ruhusa ya kuchagua upande.

Mfano wa tatu ni wa alama. Katika mwaka wa 391 hivi, Wakristo walilibomoa hekalu la mungu Serapis mjini Alexandria. Socrates, mwandishi wa historia ya Kanisa katika karne ya tano, asimulia kwamba ndani ya magofu yalionekana mawe yenye alama za mfano wa msalaba. Wakristo wakasema ni yetu. Waliokuwa wakiabudu Serapis wakasema ni yetu. Ndipo wale waliojua kuyasoma maandishi ya kale wakaulizwa, nao wakaeleza kwamba alama hiyo ina maana ya uzima ujao.

Ilielekea kuwa ni ankh, ile alama ya Wamisri ya uhai, yenye kitanzi juu ya msalaba. Wakopti waliichukua wakaitumia kuwa msalaba wao. Katika kisiwa cha Philae, hekalu la Isis liligeuzwa kanisa katika karne ya sita, na misalaba iliyochongwa kwenye kuta zake ingaliko, karibu na picha za mungu huyo wa kike.

Unaona, basi, kwamba ugomvi wa mezani kwako una umri wa zaidi ya miaka 1600. Nao watu wa Alexandria, katikati ya vumbi na hasira, walipata busara ya kumwita mtu anayejua kusoma.

JANUARI NA JANUS

Wakopti wangalipo, na hata hapa Nairobi wana makanisa na hospitali. Krismasi yao huangukia tarehe 7 Januari. Mwezi wa kwanza wa kalenda ya kanisa lao huitwa Tut, jina la yule mungu Thoth aliyemponya Horus. Mwezi wao wa tatu, Hatur, una jina la mungu wa kike Hathor. Hata hivyo, Wakopti wamepata mateso mengi kwa kukataa kumwacha Yesu, na hakuna anayeweza kusema kwamba wanaabudu Thoth.

Nawe msomaji ukicheka, kumbuka kwamba kila mwaka unapolipa karo ya Januari unalitaja jina la Janus, mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili. Kurithi neno si kurithi imani. Watu wakiishi jirani hubadilishana vyombo, maneno na methali, lakini kila nyumba hupika chakula chake.

Kwa hiyo, mwanao akisoma orodha yake Jumapili ijayo, usimkemee na usiinuke mezani. Mwulize kwa upole, "Mwanangu, imeandikwa wapi?" Akijibu kwamba ni kwenye simu, mwulize aliyeiandika kwenye simu aliitoa wapi. Nendeni pamoja maktaba. Msomeni Plutarch, msomeni Amenemope, msomeni na Luka.

Na siku ambayo yeye atakuuliza wewe swali hilo hilo, juu ya jambo ambalo umeliamini tangu utotoni bila kulisoma, usikasirike. Wewe ndiwe uliyemfundisha kuuliza. Fungua kitabu, mtafute jibu pamoja, na chakula kisipoe.